Nani Alimtoa Baba Nyumbani?

Leo naomba tuzungumze juu ya ugomvi wa watu wa mbali ambao umekwisha kuingia ndani ya simu zetu. Mwanamume mweusi wa Marekani anakaa mbele ya kamera na kusema kwamba wanawake weusi ni wakali, hawasikii, kila mmoja anataka kuwa bwana wa nyumba. Dakika tano baadaye mwanamke mweusi wa huko huko anamjibu: wanaume wetu hawaoi, hawalei, wakishapata fedha hatuwaoni tena. Vijana wetu wanazirusha video hizo kutoka kundi moja hadi jingine, na jioni kijiweni maneno yale yale yanasemwa kwa Kiswahili, kana kwamba yalizaliwa Manzese au Kawangware.

Mimi nashika upande wa historia. Yule mwanamume na yule mwanamke hawakuanza kugombana kwa sababu ya tabia. Kwa karne tatu sheria ya nchi yao ilitangulia kuingia nyumbani mwao, ikaamua nani aitwe baba, nani alipwe, na nani alale wapi. Na bila kumung'unya maneno nitasema pia kwamba wanaume weusi, walipopata jukwaa la kusimama, mara nyingi waliwaacha chini wanawake waliolijenga jukwaa hilo. Haya mawili ni kweli yote, na la kwanza halilifuti la pili.

Twende Virginia, mwaka 1662. Virginia wakati huo ni koloni la Waingereza, na kwa desturi ya Waingereza mtoto humfuata baba yake: jina la baba, urithi wa baba, hadhi ya baba. Sasa miaka michache kabla ya hapo mwanamke mmoja, Elizabeth Key, aliyezaliwa na mama Mwafrika na baba Mwingereza, alikuwa amekwenda mahakamani kudai uhuru wake, na mwishowe akaupata. Wenye mashamba wakaona hatari. Mwaka 1662 baraza la Virginia likapindua desturi ya kwao wenyewe: mtoto atafuata hali ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba yake ndiye mwenye shamba.

Nakuomba uitazame sheria hiyo kwa makini, maana watu huipita haraka. Kwa mstari mmoja wa wino mwenye mali alipewa njia ya kuongeza mali yake kwa mwili wa mwanamke, na hakuna aliyeweza kumuuliza. Mwanamke mweusi akawa mama mbele ya sheria pale tu uzazi wake ulipomfaidi mwingine. Na mwanamume mweusi akawa si kitu. Hakuwa baba wa mtu. Mtoto aliyemzaa na mke wake hakubeba jina lake wala hakumrithi, na angeuzwa asubuhi bila yeye kuulizwa. Mke wake angeguswa na bwana au na mnyapara, na yeye akiinua mkono tu, amejitafutia mjeledi au kifo. Baadaye, mtu akisema kwamba wanaume hawa hawana mazoea ya kulinda familia, nataka akumbuke kwamba kulinda familia kwao kulikuwa kosa la kuadhibiwa.

Hata hivyo walioana. Sheria haikuitambua ndoa yao, lakini waliifanya. Wengine waliruka ufagio mbele ya watu wa makambi yao. Wengine walifungishwa na wahubiri, na wahubiri hao walikuwa na kiapo maalumu kwa ajili ya watumwa: badala ya kuahidiana kukaa pamoja mpaka kifo kiwatenganishe, waliahidiana mpaka kifo au umbali uwatenganishe. Umbali maana yake ni mnada. Bwana akifilisika, au akifa na warithi wakagawana, mume anapelekwa Mississippi na mke anabaki Virginia, na mhubiri alikwisha kulipangia hilo nafasi ndani ya kiapo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, watu hawa walifanya nini na uhuru wao? Kuna wazungu wengi waliotabiri kwamba watatawanyika kama kuku. Wao walikwenda kwa makarani kuandikisha ndoa. Katika jimbo la North Carolina sheria ya mwaka 1866 iliwataka walioishi kama mume na mke utumwani wafike mbele ya karani wa mahakama au hakimu, wataje tangu lini wameishi pamoja, walipe senti 25. Wakaja. Walikuja wazee waliokwisha kuishi pamoja miaka 30 na 40, na wajukuu wamewafuata nyuma, ili jina la bibi na la babu yawekwe kwenye kitabu kimoja. Senti 25 kwa mtu ambaye jana alikuwa hana mshahara si fedha ndogo.

Na wale ambao umbali uliwatenganisha walianza kutafutana. Gazeti la kanisa la weusi la Kimethodisti (AME) la Philadelphia, The Christian Recorder, na baadaye gazeti la Southwestern Christian Advocate la New Orleans, yalichapa matangazo ya watu waliopoteana. Ukiyasoma mengi kwa pamoja unaona yanafanana: mtu anataja jina la mama yake, jina la bwana aliyemmiliki, jina la mfanyabiashara aliyemnunua, mji walimokuwa wakati walipotenganishwa, na majina ya ndugu zake wote kwa mpangilio, mkubwa hadi mdogo. Wachungaji waliyasoma mimbarini, maana wengi hawakujua kusoma. Matangazo hayo yaliendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Miaka 40 baada ya utumwa, mtu bado anamtafuta mke wake! Na ilitokea kwamba mume akafika hatimaye, akamkuta mke ana mume mwingine na watoto, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake amekufa. Hapo hakukuwa na mkosaji hata mmoja kati ya wale watatu.

Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema familia haina thamani kwa watu hawa, nakasirika. Sijui watu wengine walioigharimia ndoa namna ile.

Uhuru ulikuja bila ardhi. Mwanamume akarudi shambani kwa yule yule bwana, sasa kwa mkataba wa kugawana mazao, na hesabu za mwisho wa mwaka zikawa kila mara zinamwacha na deni. Wanawake wengi walitaka kutoka shambani wakae na watoto wao, na wenye mashamba wakalalamika kwamba wanawake weusi wanajifanya mabibi. Yaani mke wa mzungu akikaa nyumbani ni heshima, mke wa mweusi akikaa nyumbani ni uvivu. Lakini mshahara wa mume haukutosha, na mke akatoka: akapika katika jiko la wazungu, akalea watoto wa wazungu, akafua nguo. Katika mji wa Atlanta, Julai 1881, wafuaji nguo 20 waliunda chama. Walipita mlango kwa mlango, na ndani ya wiki tatu wakafika 3,000. Walitaka kulipwa dola 1 kwa kila ratili 12 za nguo. Baraza la mji likatishia kuwatoza leseni ya dola 25 kwa mwaka, na wao wakajibu kwamba watailipa, mradi kazi yao waisimamie wenyewe. Hao ndio wanawake ambao leo mtu anawaita wakali. Wangekuwa wapole, wangelishwa na nani?

Na mume je? Mume aliitwa kijana. Ana mvi, ana wajukuu, na mtoto wa kizungu wa miaka 12 anamwita kijana mbele ya mke wake. Wazee wetu waliofanya kazi katika nyumba za wakoloni Nairobi na Tanga na Arusha wanaujua uchungu huo, waliitwa boi mpaka wakastaafu. Ndiyo maana mwaka 1968 wazoa taka wa Memphis walipogoma, wapatao 1,300, baada ya wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, kusagwa ndani ya gari la taka lililokuwa bovu, mabango yao hayakuandikwa habari za mshahara. Yaliandikwa: Mimi ni mwanamume. Watu wazima, wenye wake na watoto, walilazimika kuandika hilo kwenye karatasi na kulitembeza barabarani katikati ya askari wenye bunduki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nichague mada hii, nalo ni la posho ya serikali.

Mwaka 1935 Marekani ilitunga sheria kubwa ya hifadhi ya jamii. Pensheni ya uzeeni iliwekwa, lakini wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa majumbani wakaachwa nje, na huko ndiko weusi wengi wa Kusini walikokuwa wanafanya kazi. Ndani ya sheria hiyo hiyo kulikuwa na posho kwa watoto wasiokuwa na msaada wa mzazi, yaani baba amekufa, au ameondoka, au hajiwezi. Sehemu ya fedha ilitoka serikali kuu, lakini masharti ya kila siku yaliwekwa na majimbo. Angalia mtego ulipo. Baba akiwapo nyumbani, mzima, lakini hana kazi, watoto hawapati kitu. Baba akiondoka, watoto wanakula. Kuanzia mwaka 1961 majimbo yaliruhusiwa kuzisaidia pia familia ambazo baba yupo lakini amekosa kazi, na majimbo mengi, hasa ya Kusini, hayakufanya hivyo. Mwanamume aliyefukuzwa kiwandani, aliyezunguka wiki nzima akitafuta kibarua, alikuwa na njia moja ya hakika ya kuwalisha wanawe: kutoka nje ya mlango na kutoonekana tena.

Kisha maofisa wakaanza kukagua kama kweli ametoka. Walikuja usiku, au alfajiri kabla watu hawajaamka. Wakaangalia chini ya vitanda, wakafungua makabati, wakatafuta kiatu cha kiume, wembe, suruali. Katika eneo la Oakland, California, Januari 1963, maofisa wa ustawi wa jamii waliagizwa kuzivamia nyumba za wapokea posho alfajiri ya Jumapili. Ofisa mmoja, Benny Parrish, mtu asiyeona, alikataa akisema agizo hilo linavunja haki za watu. Akafukuzwa kazi. Mwaka 1967 mahakama ya juu ya California ikasema alikuwa sahihi. Huyo jina lake nalitaja kwa heshima.

Alabama ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1964 jimbo hilo liliweka kanuni ya baba mbadala: mama akiwa na uhusiano na mwanamume yeyote mwenye nguvu zake, awe anaishi naye au anamtembelea tu, mwanamume huyo anahesabiwa baba wa watoto wote wa nyumba ile, hata kama hakuwazaa, hata kama hana wajibu wowote wa kisheria kuwatunza, na posho ya watoto inakatwa. Mjini Selma aliishi mama mmoja mweusi mwenye watoto wanne. Baba wa watatu alifariki mwaka 1955, baba wa wa nne aliwakimbia. Mama huyo alikuwa mpishi na mhudumu wa mgahawa, akiingia kazini saa tisa na nusu usiku na kutoka saa sita mchana, kwa dola kati ya 16 na 20 kwa wiki. Oktoba 1966 akapata barua: posho imesimama, kwa sababu tumesikia kuna bwana anakuja kwako mwisho wa wiki. Bwana huyo alikuwa na mke wake na watoto tisa wa kwake wa kulisha.

Mama yule alipewa nafasi ya kujieleza, na sharti likawa hili: athibitishe kwamba uhusiano umekwisha, posho itarudi. Badala ya kuinamisha kichwa akaenda mahakamani, mwanamke wa mgahawa dhidi ya jimbo zima. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na wanasheria wanaijua kwa jina la King dhidi ya Smith. Huyo King si mchungaji Martin Luther King. Alikuwa kamishna wa ustawi wa jamii wa Alabama. Juni 1968 majaji wote wakaamua kwamba kanuni ile ni batili. Kumbukumbu za kesi zinaonyesha kwamba kutoka Juni 1964 hadi Januari 1967 watoto wapatao 16,000 wa Alabama walikuwa wametoka kwenye orodha ya posho, asilimia 22 ya watoto wote waliokuwamo.

Fikiria sasa umekulia katika nyumba kama hizo. Wewe ni mvulana, umezoea kuambiwa na mama: akija mtu akiuliza, sema baba hayupo. Umemwona baba akitoka kwa mlango wa nyuma na viatu mkononi. Au wewe ni msichana, umejifunza kwamba mwanamume akikaa, chakula kinaondoka. Haya mambo hayaishi siku jaji anapogonga nyundo. Yanabaki katika namna mtu anavyoamini na anavyoogopa, na katika namna anavyomwangalia mwenzake wanapokaa mezani kugawana matumizi.

Mwaka 1965, wakati kanuni ya Alabama ikiwa inafanya kazi yake, ofisa wa Wizara ya Kazi aitwaye Daniel Patrick Moynihan aliandika ripoti juu ya familia ya weusi. Nimtendee haki: alitaja utumwa, alitaja ukosefu wa kazi, na alitaka serikali ichukue hatua. Lakini alichokazia, na ambacho magazeti yalikidaka, ni kwamba familia ya weusi imeongozwa mno na wanawake, na kwamba hilo linamponza mwanamume. Aliona hata jeshi kuwa mahali pazuri pa kijana mweusi, kwa sababu huko angeishi mbali na ulimwengu wa wanawake. Mwaka huo Marekani ilikuwa inapeleka askari Vietnam! Wanawake wasomi, miongoni mwao mwanasheria Pauli Murray, walipinga papo hapo. Walisema mwanamke mweusi anaadhibiwa kwa sababu alibeba mzigo aliotupiwa. Lakini neno lilikwisha kutoka, na wapo wanaume weusi waliolipenda, kwa kuwa liliwapa mtu wa karibu wa kumlaumu. Serikali iko mbali, mke yuko chumba cha pili.

Na hapa, msikilizaji, nawageukia wanaume.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alipokamatwa mjini Montgomery kwa kukataa kumpisha mzungu kiti, aliyegeuza tukio lile kuwa mgomo alikuwa mwalimu wa chuo, Jo Ann Robinson, wa Baraza la Kisiasa la Wanawake. Aliingia chuoni usiku wa manane na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, akawasha mashine ya kudurufu, na mpaka asubuhi wakawa wametoa maelfu kwa maelfu ya vipeperushi vya kuwataka watu wasipande mabasi Jumatatu. Asubuhi ile alikuwa na kipindi cha kufundisha, akafundisha. Kisha wakavigawa mashuleni, madukani, kwenye saluni na vinyozi. Wengi wa abiria walioacha mabasi walikuwa wanawake, watumishi wa majumbani, waliotembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini kwa siku 381. Georgia Gilmore, mpishi, alikusanya wanawake wenzake wakapika kuku na keki na maandazi matamu wakayauza kulipia magari ya kuwabeba watu, na fedha akazikabidhi mkutanoni bila kutaja waliochanga, ili wasifukuzwe kazi na mabibi zao. Mwenyekiti wa mgomo alichaguliwa mchungaji wa miaka 26, Martin Luther King, na dunia ikamjua yeye. Simlaumu kwa kipaji chake. Nasema tu mpangilio ulikuwaje: nani alikuwa mashineni na jikoni, na nani alikuwa kwenye kipaza sauti.

Miaka minane baadaye, tarehe 28 Agosti 1963, kwenye maandamano makubwa ya Washington, hakuwekwa mwanamke hata mmoja kutoa hotuba kuu. Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee katika kamati ya maandalizi, alilalamika kwa barua mapema. Wakamjibu kwa kuweka kipengele cha kuwapongeza wanawake wapigania uhuru. Daisy Bates, aliyewasimamia wanafunzi tisa weusi walioingia shule ya wazungu ya Little Rock mwaka 1957 huku nyumba yake ikipigwa mawe, akapewa dakika moja hivi. Dorothy Height, rais wa baraza la kitaifa la wanawake weusi, alikaa jukwaani na hakusema. Viongozi wanawake waliandamana kwa barabara nyingine, mbali na wanaume waliokuwa wakipigwa picha. Na jioni, viongozi walipokwenda Ikulu kumwona Rais Kennedy, hakualikwa mwanamke. Mahalia Jackson aliimba, hilo ndilo walilokubali kwa moyo mweupe.

Kwa nini watu waliokuwa wakidai usawa wakafanya hivyo? Jibu langu ni kwamba walikuwa wamenyimwa uanaume wa aina fulani kwa miaka 300, na walipoona mlango umefunguka kidogo wakaukimbilia uanaume ule ule waliouona kwa bwana: mkubwa ni yule anayesema wakati mwanamke amenyamaza. Naelewa sababu, lakini siwezi kuikubali. Ella Baker alikuwa mmoja wa waliolisimamisha shirika la wachungaji la akina King tangu mwanzo, akafanya kazi ya ukatibu mkuu bila kupewa cheo hicho moja kwa moja. Alipochoka aliwaita wanafunzi Raleigh mwezi Aprili 1960, wakaunda chama chao wenyewe, na akawausia wasimtegemee kiongozi mmoja mkubwa. Vijana wale, wavulana kwa wasichana, ndio walioingia vijijini Mississippi.

Wanawake walipoanza kuandika waziwazi juu ya kupigwa na kudharauliwa ndani ya nyumba zao, vita vikawaka. Tamthilia ya Ntozake Shange iliyofika Broadway mwaka 1976, kitabu cha Michele Wallace cha mwaka 1979, filamu ya mwaka 1985 iliyotokana na riwaya ya Alice Walker, vyote viliwaudhi wanaume wengi. Walisema mnatuaibisha mbele ya wazungu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na walitaka kata inyamaze. Hoja hiyo naiheshimu kwa kiasi: ni kweli kwamba magazeti ya wazungu yalifurahia kumwona mwanamume mweusi akichorwa kama mnyama. Lakini ukimwambia mwanamke anyamaze mpaka ubaguzi wa rangi uishe, unamwambia afe akingoja.

Wakati huo huo gereza likapanuka. Sheria ya mwaka 1986 ilimpa kifungo cha lazima cha miaka mitano mtu aliyekamatwa akiuza gramu 5 za kokeini ya mawe, iliyouzwa katika mitaa ya weusi. Kwa kokeini ya unga ilihitajika gramu 500 kupata adhabu hiyo hiyo. Uwiano wa 100 kwa 1, na ulidumu mpaka mwaka 2010, uliposhushwa hadi 18 kwa 1. Mtaa unaopoteza vijana wake wa kiume kwa namna hiyo unabaki na wasichana wengi wasio na wa kuwaoa, na waume watarajiwa wanaotoka na hati ya kosa inayowafungia ajira. Wanawake ndio wanaolipia simu za gerezani, wanaosafiri kwa basi muda wa saa nne au tano kwenda kuona mume kwa saa moja. Kisha anatokea mtu kwenye video akisema tatizo ni kwamba wanawake hawa wamejifanya hawahitaji wanaume.

Oktoba 1995 wanaume weusi walijaa Washington kwa wito wa kiongozi wa dini Louis Farrakhan, wakaahidi kurudi majumbani kuwa waume na baba wema. Wanawake waliombwa wabaki nyumbani siku hiyo. Mwanaharakati Angela Davis na wenzake walipinga. Rosa Parks, Dorothy Height na Maya Angelou walikuja na wakasema jukwaani. Oktoba 1997 wanawake nao wakajaa Philadelphia. Nimewahi kubishana na marafiki kuhusu siku ile ya 1995. Mimi naona wale wanaume walikwenda kwa moyo wa kweli, na wengi waliporudi walifanya walichoahidi. Lakini sioni kwa nini ahadi ya kumtunza mke ilihitaji mke asiwepo kuisikia.

Nimalizie na jambo lisilotangazwa. Desemba 2013 kituo cha takwimu za afya cha serikali ya Marekani kilitoa ripoti juu ya kina baba na kazi za kulea, kwa takwimu za mwaka 2006 hadi 2010. Waliulizwa kina baba wanaoishi na watoto wa chini ya miaka mitano: je, unamwogesha mtoto, unamvika, unambadilisha nepi au kumpeleka chooni kila siku? Kina baba weusi waliosema ndiyo walikuwa asilimia 70. Weupe walikuwa 60, na wenye asili ya Kilatini 45. Baadhi ya kina baba hao hawana cheti cha ndoa na mama wa mtoto, kwa hiyo anayehesabu vyeti pekee hawaoni. Ripoti ya Moynihan ya mwaka 1965 inafundishwa vyuoni mpaka leo, na sina ugomvi na hilo. Ninachotaka ni kwamba mwalimu atakayeifundisha Dodoma, Eldoret au Makerere aweke mezani pamoja nayo hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 1968 na asilimia 70 ya ripoti ya mwaka 2013, wanafunzi wazisome zote tatu kwa siku moja, wavulana na wasichana wakiwa darasa moja.